Somo, nilibeba mtoto wa watu kwenye theluji, na sasa mama yake anakuja Tanga

Assalaam aleikum Somo,

Mie ni mama wa miaka 56, naishi Makorora hapa Tanga, asubuhi nauza vitumbua na uji, mchana barafu za ukwaju. Nakuandikia kwa aibu na jina langu nakuomba lisitoke, maana Tanga hii mtu akipiga chafya Chumbageni, Duga wanamwitikia.

Kisa kimeanzia Januari mwaka huu. Binti yangu ameolewa Ufini, mji wa Helsinki, mumewe ni Mfini, kijana mpole, haongei mpaka aulizwe na akiulizwa anafikiri kwanza. Binti alipojifungua nikaitwa nikamkande mzazi, nikabeba pilipili manga yangu, iliki yangu, kanga jozi sita na jaketi moja kubwa la mitumba. Wenzangu wakanambia utakufa na baridi nikawacheka, mie si nimekaa Lushoto miaka miwili nikiwa msichana, mwezi wa saba kule unavaa sweta mbili na bado unajikunyata. Somo, Lushoto ni jikoni.

Yale ya njiani nayaacha, Dar mpaka Doha, Doha mpaka Helsinki, nilifika nikiwa na miguu miwili na mizigo yote. Kilichonichanganya kwanza ni mchana. Jua linatoka saa tatu na robo asubuhi, saa tisa na nusu lishajizamia zake, sasa mtu wa sala kama mie adhuhuri na alasiri na magharibi zote zimebanana, unatoa salamu ya hii unaambiwa ile ishaingia. Na bahari imeganda! Mkwe alinipeleka ufukweni nikaona watu wanatembea juu ya bahari na mbwa wao, mie mtoto wa pwani nikakataa katakata kukanyaga, nikamwambia bahari haichezewi hata ikiwa imelala.

Siku yenyewe sasa. Mkwe kaenda kazini, mie napiga deki jikoni, binti akapita na taulo akasema mama naingia kuoga, mtoto nimemlaza nje. Nikaitikia sawa bila kufikiri, kwetu mtoto kulazwa nje ni jambo gani, unamtandikia mkeka chini ya mwembe. Afu neno likanirudi. Nje?! Nikachungulia dirishani, tuko ghorofa ya tatu, chini uani nikaona kigari cha mtoto, bluu, rangi ile ile ya chetu, kimeegeshwa kwenye theluji peke yake kama baiskeli ya mtu aliyeingia msikitini. Kipimajoto chao wanakibandika nje ya dirisha, nikakisoma, hasi 9. Mie nauza barafu, najua maji yanaganda kwenye sifuri, hii imepita sifuri ikashuka ngazi tisa na mjukuu wangu wa wiki tatu yuko huko chini!

Sikuvaa jaketi wala sikuvaa kiatu. Nilitoka na dera, kanga moja kiunoni na moja kichwani, kandambili miguuni, nikashuka ngazi zote nasema yarabi toba, nyuma yangu nasikia milango inajifunga, ta, ta, maana kule mlango ukiuachia unajifunga wenyewe na bila ufunguo hurudi. Nilipovuta hewa ya kwanza nywele za puani zikasimama kama miba. Hatua ya tatu nikateleza nikakaa kitako, nikainuka, kandambili ya kushoto ikabaki kwenye theluji wala sikuigeukia. Pindo la kanga lilikuwa limelowa maji ya deki, lile pindo mwenzangu lilikakamaa likawa gumu kama boksi, linanigonga muundini kila nikipiga hatua.

Nikafika, nikamtoa mtoto, nikavua kanga ya kichwani nikamfunga, kichwa changu wazi theluji inaniangukia, nikakimbilia mlangoni. Umefungwa. Pale ukutani kuna vitufe vya kengele za nyumba zote na majina yao yasiyosomeka, nikabonyeza vyote kwa kiganja, vyote, nikawa napiga kelele fungueni jamani mtoto anakufa. Kando yupo mzee anasukuma theluji kwa koleo, akasimama akaegemea koleo lake akanitazama tu. Hapo ndo nikamwangalia mtoto. Nilipotia mkono kwenye begi lake la kulalia lilikuwa na joto kama andazi limetoka kwenye mafuta. Mashavu mekundu, kanono. Akafumbua macho, akanitazama, akacheka. Nikaona meno mawili, ya chini.

Somo, mjukuu wangu ana wiki tatu. Na Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni kwamba labda ndo maziwa ya kule.

Mlango ukafunguka akatoka dada mmoja mrefu, kikombe cha kahawa mkononi, soksi miguuni, anamkuta bibi mweusi asiyemjua, mguu mmoja peku, kambeba mwanawe kamfunga kanga. Angekuwa wa kwetu mtaa mzima ungejaa. Yeye alisema neno moja tu kwa sauti ndogo kama anayeomba chumvi kwa jirani, baadae binti akanambia lile neno ni samahani. Yeye ndo ananiomba samahani! Akaweka kikombe chini, akavua sweta lake akanivika kwanza mie, ndo akampokea mtoto. Na kanga niliyokuwa nimemfungia huyo mtoto wa watu ilikuwa na jina, NILICHO NACHO KINANITOSHA.

Akaniingiza kwake chini pale, akanivalisha soksi za sufu, akanipa kahawa na mkate mtamu umesukwa kama nywele za mtoto, nikauma, iliki! Mahamri kabisa tena iliki imekolea. Nikaanza kulia, sijui kwa baridi au kwa iliki. Binti akashuka baadae nywele zinachuruzika, kambeba mwanawe, kumbe nje aliyosema ni roshani ya kioo pale pale kwake, mtoto amelala zake. Walicheka mpaka yule dada akakaa chini sakafuni. Akanipa na pipi nyeusi ya chumvi, hiyo sitaki kuizungumzia.

Sasa tatizo langu. Narudi Tanga mwezi wa tatu, kwenye mchezo wetu wakaniuliza habari za huko. Nikasema nilimkuta mtoto nje kwenye theluji nikamtoa. Kweli au si kweli? Wakauliza, alipona? Nikasema mzima, alhamdulillah. Kweli au si kweli? Mwengine akadakia, kwahiyo umeokoa roho ya mtoto wa kizungu, mwengine akasema mama yake mlevi nini, mwengine akasema kakimbia, mie nikawa nakunywa chai yangu. Sikusema ndio sikusema siyo. Wiki ya pili naisikia sokoni imeshaongezewa polisi na gari ya wagonjwa. Ya kwangu mwenyewe niliyoiongeza ni moja tu, nilisema serikali ya kule ilitaka kunipa cheti nikakataa kwa ajili ya Mungu. Sijui kilinitoka wapi.

Mwezi ujao yule dada anakuja. Kafungamana na binti yangu, wanakuja wote na watoto wao, atakaa kwangu siku kumi. Kijumbe wetu kusikia mama wa mtoto aliyeokolewa anakuja kashachangisha, sare ishanunuliwa, vitenge vya kijani, fundi anashona, wanataka wafanye shughuli na mgeni asimame anishukuru mbele ya watu. Nimempigia binti nikamwambia mwanangu utatafsiri wewe, ukisikia pabaya upinde kidogo. Kakataa. Kanambia mama, ninyooshe au ninyamaze, kupinda sipindi. Na kanieleza lingine likanimaliza nguvu, ile kandambili yangu ya kushoto theluji ilipoyeyuka mwezi wa nne yule dada aliikuta uani, kaitunza, anakuja nayo anirudishie.

Somo nifanye nini? Niumwe? Nisafiri niende kwa ndugu yangu Pangani mpaka wapite? Au nimwombe kijumbe avunje shughuli niseme mgeni hapendi makelele, maana na kweli hapendi?

Wako mwenye aibu, Makorora.

---

SOMO ANAJIBU

Waaleikum salaam mwenzangu.

Kwanza nikuombe radhi, barua yako nimeisoma mara tatu na mara zote nimeishia kwenye meno mawili. Nilikuwa kwenye daladala, konda akanishusha kituo si changu akidhani nimepata habari mbaya.

Haya tuongee. Pangani huendi. Kuumwa huumwi, ukijiumiza wewe mgeni atapikiwa na nani, na wakikusikia unaumwa kundi zima la sare za kijani litahamia chumbani kwako na mgeni yuko sebuleni anawasimulia kwa ishara. Kuvunja shughuli nako kumeshapita wakati, vitambaa vimekatwa, na mtu aliyekwisha toa hela ya sare ukimwambia shughuli hakuna atataka sababu mpaka aipate, na ataipata.

Utasema wewe, tena kabla ndege haijatua. Lakini namna ya kusema ndo penye kazi, kwahiyo nisikilize.

Uongo wako ni mmoja, ule wa cheti. Hayo mengine, polisi, gari ya wagonjwa, mama mlevi, hayo ni ya mtaa, wewe kosa lako ni chai uliyokuwa unakunywa. Sasa usiyachanganye. Nenda kwa kijumbe peke yako, jioni, ukae naye umwambie cheti hakikuwepo, nilijitungia, basi. Usimweleze kwa nini. Mie najua kwa nini: ulitoka huko na aibu ya kukaa kitako kwenye theluji mbele ya mzee wa koleo, ukafika kwenu ukapewa ushujaa bure, nani angeurudisha siku hiyo hiyo? Kijumbe atanuna, siku mbili hivi, afu atakumbuka yeye ndo kashika hela za sare na shughuli lazima iwe na maana, atakuwa wa kwanza kukutafutia maana mpya.

Pale penye neno la mama mlevi ndo pamenichoma mie kuliko cheti. Huyo dada alivua sweta akakuvika wewe kabla hajampokea mwanawe, na huku mjini kwetu kalewa, katelekeza mtoto, na mtu huyo huyo atashuka kwenye bajaji mlangoni kwako na pipi zake za chumvi mkononi. Hilo wanawake wenzio lazima walisikie kutoka kwako na ulieleze vizuri, maana usipoeleza watasema haya hakulewa, sasa mtoto alikuwa nje anafanya nini?

Wajibu hivi. Kule mtoto kulala nje kwenye baridi ni malezi, wazazi wanafanya tangu zamani na kliniki zao zinawaelekeza namna ya kumvika. Anawekwa nguo za sufu tabaka juu ya tabaka, anatiwa kwenye begi, mama anamsikiliza yuko ndani karibu. Wanasema analala usingizi mrefu. Kiwango kinachotajwa sana ni kama hasi 10, ikizidi hapo analazwa ndani, sasa wewe ulikuta hasi 9, yule dada alikuwa yuko ndani ya mstari kabisa. Na joto la andazi ulilikuta kwa mkono wako mwenyewe, wewe ndo shahidi wao. Mtoto alianza kupata baridi ulipomtoa, mwenzangu.

Na si watu wa kutupa watoto hao. Tangu 1938 serikali yao inawapa akina mama wajawazito boksi la vitu vya mtoto, mwanzo walipewa wenye kipato kidogo, kuanzia 1949 kila mama mradi awe amehudhuria kliniki mapema. Ndani mna nguo, overoli ya baridi, begi la kulalia, godoro, na boksi lenyewe watoto wengi wamelilalia kama kitanda. Binti yako atakuwa alipewa, mwulize, kama wanalo bado mwambie abebee nguo ndogo moja aje awaonyeshe wenzio. Wanawake wa Tanga wakishika kitu mkononi ndo wanaamini, maneno matupu yanaishia kwenye kashata.

Binti yako naye mpigie tena, leo. Si kwa ajili ya tafsiri. Umemtaka mwanao apinde ulimi mbele ya rafiki yake na mbele ya mumewe, na kakukatalia kwa adabu, wengi wangekubali afu wakakuumbua ukumbini. Mwombe radhi yaishe, afu mwambie atafsiri kila kitu, mpaka ile ya maziwa ya kule.

Siku ya shughuli simulia mwenyewe. Usimwachie mgeni aanze, maana Mfini uliyemweleza hapo atasema sentensi mbili akae, na hizo mbili ndo zitakuumbua. Wewe unauza uji asubuhi na watu arobaini wanakusubiri, mdomo unao. Ivae kanga ile ile. Uanzie Lushoto, uende kwenye deki, ukifika kwenye kitako usirukie, kaa chini kabisa waone, pale kwenye vitufe vya kengele mwombe mtu akushikie ungo upige kwa kiganja. Ukifika kwenye meno mawili nyamaza. Usimalizie. Mtoto mwenyewe atakuwepo, sasa hivi anatembea na mdomo umejaa meno, mnyanyue waone. Nakuhakikishia hakuna atakayekumbuka cheti, na yule aliyesema mama mlevi atakuwa wa kwanza kuita mpiga picha.

Mgeni sasa, nisikupotezee muda. Desemba hapa kwetu unaijua, na anatoka kwenye theluji, mpe chumba chenye upepo, mwambie binti amkumbushe aonane na daktari kule kabla ya safari kuhusu dawa za malaria, yeye na mtoto, na chandarua kiwe tayari tayari. Mchana akitaka kumlaza mtoto nje mwache! Tandika mkeka chini ya mwembe, funga chandarua kwenye tawi, na jirani yako yeyote akija mbio kumwokoa umkamate.

Kahawa. Hawa watu ni katika wanywaji wakubwa kabisa wa kahawa duniani, usimwekee ile ya kopo. Mwite muuza kahawa wa birika pale kwenu aje jioni na vikombe vyake vidogo na kashata, akae naye kibarazani, hawatahitaji kuongea na wote watafurahi. Asubuhi mpikie mahamri na iliki usiibanie. Ule mkate wao umesukwa na iliki ni wa kwao haswa, wanaupenda na kahawa, ila mti wa iliki hawajawahi kuuona wengi wao. Wewe unao karibu. Mpeleke Amani, kule juu Muheza, akaone iliki inavyoota chini ya miti mikubwa, punje zinatoka huku chini kwenye shina karibu na udongo, si juu kwenye matawi kama mtu anavyodhani. Na msitu ule si mgeni kwao, nchi yao ilisaidia miaka mingi mradi wa kuhifadhi misitu ya Usambara Mashariki, na Amani ikatangazwa hifadhi ya mazingira asilia 1997, wazee wa kule watakuambia habari za Wafini walioishi nao. Hata Jiji letu limewahi kushirikiana na mji wao mmoja wa kaskazini, Kemi. Watu wa Amboni nao watataka aone mapango, sawa, ila mapango mtoto mdogo atachoka, anzeni na Amani ubaridi kidogo umpumzishe. Mnunulie iliki ya maganda, kilo nzima, umfungie kwenye kanga.

Hiyo kanga chagua jina wewe, ila ile ya NILICHO NACHO KINANITOSHA usimpe, hiyo ni yako na una sababu zote za kuivaa.

Nimebakiwa na mawili. Sare za kijani, kama kipande kimebaki mie nahitaji mita tatu na fundi wenu asinibane kifuani. Na ile kandambili ya kulia, naomba Mungu hujaitupa. Itafute, iko mahali, chini ya kitanda au kwenye gunia la mkaa, ioshe uiweke mlangoni. Akifika na ya kushoto azikute ziko pamoja.

Somo